Kabla Hujabadilisha Mtutu wa .22

Tangu bunduki ya .22 iitwayo Ruger 10/22 iingie sokoni Marekani mwaka 1964, walio nayo hawajaacha kuirekebisha, na madai matatu hayawatoki midomoni.

La kwanza: bunduki ikitawanya risasi, ubaya uko kwenye mtutu, nunua mwingine. Nakataa. Anza na risasi zenyewe. Fataki ya .22 haikai katikati ya kitako cha ganda kama ilivyo kwa risasi kubwa. Imo ndani ya mkunjo wa ukingo. Ikizidi hapa au ikipungua pale, kasi hubadilika. Ndiyo maana wapiga shabaha wa mita 50, ambao duara lao la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4 tu, hupeleka bunduki kwa watengenezaji wa risasi, mathalani Eley kule Birmingham au Lapua kule Schönebeck, Ujerumani. Bunduki hufungwa imara, zikajaribiwa risasi za aina ileile lakini za mafungu tofauti ya uzalishaji. Fungu moja hukusanya matundu mahali pamoja, jingine huyatawanya, na mtutu ni uleule! Wewe kaza skrubu za kitako cha bunduki, kisha nunua boksi mojamoja za aina tano na upige kumi kumi. Mtutu usubiri.

La pili: risasi ya kasi hupiga sawasawa zaidi. Si kweli. Ikianza juu ya kasi ya sauti, takriban mita 340 kwa sekunde, itashuka chini yake ikiwa bado njiani, na mpito huo huiyumbisha. Za mashindano huanza chini ya kiwango hicho.

La tatu lina ukweli nusu: triga nyepesi huongeza usahihi. Triga haigusi risasi. Huigusa mikono yako. 10/22 ya kawaida ina uzito wa kilo 2.3 hivi, na triga yake ya kiwandani mara nyingi hudai nguvu inayozidi uzito huo. Kidole kikivuta, bunduki nzima husogea. Kuilainisha triga kunafaa, ila si kwa tupa jikoni. Pembe za vyuma vinavyoshikana zikiharibika, bunduki iliyoanguka au kugongwa inaweza kufyatuka bila kidole. Ruger wenyewe huuza BX-Trigger, seti kamili ya triga inayovutwa kwa nguvu ya kilo 1.25 hivi. Nunua hiyo, au mpelekee fundi bunduki mwenye leseni. Tafadhali, tupa iache.