Fulana hizi ni pesa ya nani?

Jumamosi moja tulivaa fulana mpya za kampuni tukafagia Mji wa Kale, kutoka Ndia Kuu hadi karibu na Bandari ya Kale. Picha zilipigwa nyingi kuliko taka zilizookotwa, na nasema hivyo nikiwa mmoja wa waliozipanga. Mama mmoja anayeuza viazi karai alitutazama weee, kisha akaniita. "Mwanangu, hizi fulana ni pesa ya nani?"

Nikamjibu, "Ya kampuni, mama."

"Na kampuni imeitoa wapi?"

Fulana zilitoka kwenye bajeti ya matangazo, hilo ni rahisi. Lakini swali lake ni kubwa kuliko fulana, na wewe unayeweka pesa kwenye simu wafaa kujua jibu.

Salio lako halikai ndani ya simu. Kila shilingi uliyoweka kwa wakala ina shilingi mwenzake benki, kwenye akaunti ya amana iliyotengwa na pesa za kampuni. Ukijumlisha salio za watu wote, pesa ni nyingi, na benki huilipa riba. Kwa kanuni za malipo za mwaka 2014 hapa Kenya, riba hiyo si faida ya kampuni. Inatumika kwa mujibu wa sheria za amana, au inatolewa kwa shirika la hisani la umma. M-Pesa Foundation, iliyoanzishwa 2010, ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Tanzania walichagua njia nyingine: mwaka 2014 Tigo Pesa walianza kuwagawia wateja wenyewe.

Kwa hivyo darasa au zahanati ikijengwa kwa riba hiyo, aliyechangia ni nani? Mimi nasema ni muuza viazi karai na dereva wa tuktuk. Kampuni imebeba tu.

Hapa Mji wa Kale jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu wengi hawataki riba iwaguse. Wanazuoni wengi husema ikikufikia, itoe kwa manufaa ya umma na usitarajie thawabu. Sasa kama mwenye pesa hatarajii hata thawabu, sisi tunadai makofi ya nini? Msimamizi wa wakfu hapa mjini akiandika jina lake kwenye nyumba ya wakfu watu watamcheka, maana kila mtu anajua aliyeiweka ni nani.

Chuoni tulifundishwa kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii hujenga jina. Ni kweli, hujenga. Tatizo ni pale kampuni inapoanza kuamini picha zake yenyewe na kujiona mfadhili, ilhali kazi yake halisi ni kutunza amana. Mtunza amana hupimwa kwa mambo mengine kabisa: je, ada inasomeka kabla hujabonyeza? Ukituma kwa nambari siyo, pesa inarudi upesi? Ukiibiwa, simu inapokelewa?

Mwaka 2011, kwenye kampeni ya Kenyans for Kenya wakati wa njaa, watu walituma michango yao kwa simu. Huduma ikafanya kazi yake, na hilo peke yake lilikuwa msaada mkubwa. Tena Machi 2020, korona ilipoingia, ada za kutumiana hadi shilingi 1,000 ziliondolewa kwa makubaliano na Benki Kuu. Hapakuwa na fulana wala ufagio, lakini mama aliyepokea mia tano kutoka kwa mwanawe aliuona msaada huo siku hiyohiyo. Ada zilirudi Januari 2021, isipokuwa kwa kiasi cha hadi shilingi 100, ambacho kilibaki bure.

Sisemi tuache kufagia. Ndia Kuu inahitaji ufagio, tena si mara moja kwa mwaka. Ninachotaka ni kila mradi uandikwe umetoka mfuko gani: wa matangazo, wa faida yetu, au wa riba ya amana za wateja. Na ule wa tatu uandikwe "umetolewa na wateja", nembo yetu iwe ndogo chini pale.

Nimelipeleka ombi hilo kwenye kikao cha idara. Mmoja aliuliza, sasa sisi tutaonekana wapi? Bado tunajadiliana.