Pangaboi Linalovuma Bila Kuzunguka

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kukutana na jambo hili. Jioni ya joto unawasha swichi, pangaboi linavuma kama nyuki lakini halizunguki. Kijana wa nyumbani anachukua fimbo ya ufagio, anasukuma panga moja, na mara linakwenda. Kwa nini lilihitaji kusukumwa ilhali umeme umo?

Umeme wa majumbani mwetu si kama ule wa betri ya tochi, uendao upande mmoja tu. Huu ni mkondo geu: hupanda, hushuka, hugeukia upande wa pili na kurudi, mara 50 kila sekunde. Zile volti 230 zinazotajwa ni kipimo cha uwezo wake wa kutia joto. Kilele chenyewe hufika kiasi cha volti 325.

Katika pasi, volti zikipanda mkondo nao hupanda papo hapo. Koili ya waya ni mkaidi. Hupinga kila badiliko la mkondo, kwa hiyo mkondo huchelewa nyuma ya volti. Na lau koili isingekuwa na ukinzani wowote, ungechelewa robo ya mzunguko, yaani sehemu moja ya 200 ya sekunde. Kapasita ni kinyume chake. Hiyo ni ghala: shehena huingia kwanza ndipo volti zijengeke, na hivyo mkondo hutangulia.

Ndani ya pangaboi mna makundi mawili ya koili, moja likipata umeme moja kwa moja, la pili kupitia kapasita. Mikondo yao haifiki kilele pamoja, na kupishana huko ndiko kunakoufanya usumaku uzunguke na kuyavuta mapanga. Kapasita ikichoka, usumaku hubaki ukienda na kurudi mahali pamoja, ukitetemesha tu. Fimbo ya ufagio hutoa ule mwanzo uliokosekana.

Usiridhike na fimbo hiyo. Pangaboi lililokwama huku umeme umewashwa hupata moto, na kuzisuka upya koili zilizoungua ni gharama kuliko kapasita mpya. Mwite fundi, aweke yenye kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye ile ya zamani, si yoyote iliyomo mfukoni mwake.

Nawe baba mwenye nyumba upendaye kupanda meza na bisibisi mkononi, kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Zima swichi kuu. Hata hapo, kapasita yaweza kuwa imehifadhi umeme. Kwa kawaida humwagika kupitia koili, lakini waya wa koili ukiwa umekatika hauna pa kwenda. Hungoja humo, pengine kwa volti zilezile za kilele, hadi kidole kitakapogusa ncha zake mbili. Mshituko huo peke yake huenda usikudhuru sana. Lakini umesimama juu ya meza, na chini ni sakafu ya saruji.