Kifungo cha Mpigania Uhuru Si Hati ya Kutawala

Je, aliyefungwa kwa ajili ya nchi ana haki zaidi ya kuitawala? Kwingi kulikotawaliwa na wakoloni, wanasiasa wamejibu ndiyo, na wananchi wakanyamaza. Maisha ya K. Kamaraj wa kusini mwa India yanalipinga jibu hilo.

Kamaraj alizaliwa Virudhunagar mwaka 1903. Baba yake alifariki mapema, naye Kamaraj akaacha shule akiwa bado mtoto na kwenda kuuza nguo katika duka la mjomba wake. Mwaka 1930 alikamatwa huko Vedaranyam katika harakati za kupinga sheria ya chumvi ya wakoloni, na kwa jumla alikaa jela za Waingereza takriban miaka 9.

Mwaka 1954 akawa Waziri Kiongozi wa jimbo la Madras, akimrithi Rajagopalachari, ambaye naye aliwahi kufungwa kwa ajili ya uhuru. Mwaka 1953 mzee huyo alileta mpango wa watoto wa vijijini kusoma nusu siku, kisha kurudi nyumbani kujifunza kazi ya wazazi wao. Maana yake, mtoto wa mgema aandaliwe kuwa mgema, wa kinyozi awe kinyozi. Kamaraj aliufuta. Akafungua shule vijijini, akaondoa ada, akawapa wanafunzi maskini chakula cha mchana, kwani mwenye njaa hasomi. Wote wawili walipitia jela. Sera zao zilipishana kabisa. Basi jela haikuwa kipimo.

Wapo watakaosema mtu wa namna hiyo alistahili kuachiwa madaraka. Lakini hata yeye alikuwa na upande wa pili, wa kupanga madaraka ndani ya chama. Alijiuzulu mwaka 1963 ili akijenge chama, na mwaka uliofuata akawa rais wa chama hicho, Congress, akiongoza wakubwa wa chama kuwapitisha Shastri, kisha Indira Gandhi, kuwa Waziri Mkuu. Mwaka 1967, watu wakiwa na hasira juu ya kulazimishiwa lugha ya Kihindi na uhaba wa mchele, wapiga kura wa Virudhunagar walimwangusha na kumchagua kiongozi kijana wa wanafunzi.

Hawakukosa shukrani. Shujaa hulipwa heshima. Kura hulipwa kwa kazi, tena kwa kazi ya leo. Kamaraj alifariki mwaka 1975, na vyama vilivyokishinda chake viliendelea kulisha watoto shuleni, hata vikapanua mpango huo. Tunapoombwa kura kwa jina la mapambano ya zamani, tuulize mwombaji amewafanyia nini watoto wa maskini.