Bara Tupu la Nani?

Jamani, tuache hii tabia. Kila makala ya Kiswahili ninayokutana nayo kuhusu Australia inaanza vilevile: bara la upweke, lililojitenga na dunia, lenye viumbe ambao eti Mungu aliwaumba siku ya utani. Kangaruu anabeba mtoto mfukoni. Platipasi ana mdomo wa bata, anataga mayai halafu ananyonyesha. Linafuata jangwa jekundu, mwamba wa Uluru jua likizama, habari imekwisha. Watu hawamo. Wakitajwa, wanapewa sentensi moja, tena katikati ya mijusi na emu.

Sibishani na jiolojia. Nchi kavu ile iliachana na Antaktika mamilioni ya miaka iliyopita, ndiyo maana wanyama wenye mfuko walistawi kule wakafanya kazi ambazo kwetu zinafanywa na swala na fisi. Ninachopinga ni mwandishi kulichukua neno la wanajiolojia na kuwavisha binadamu.

Halafu hiyo "ajabu", ni ajabu kwa nani? Mwaka 1799 George Shaw, mtaalamu wa wanyama jijini London, alipoichunguza ngozi kavu ya platipasi alishuku kwamba kuna fundi aliyeushonea mdomo wa bata. Watu waliokaa kando ya mito ile walimjua mnyama huyo na walikuwa na majina yake. Lakini sisi tunapoandika, hadithi inaanzia mezani kwa Shaw. Kwa nini?

Neno linaloniudhi zaidi ni "tupu". Pale Budj Bim, kusini-magharibi mwa jimbo la Victoria, Wagunditjmara walichimba mifereji katika mawe ya volkano, wakajenga kuta na mabwawa, wakaongoza maji ya mafuriko ili kunasa na kufuga mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Sehemu za kazi hiyo zina umri wa miaka 6,600 hivi. Piramidi za Giza bado hazijajengwa! UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2019. Kwingineko watu walichoma nyasi kwa zamu, moto mdogo mdogo wa msimu, nyasi changa zikaota na kangaruu wakaja kula wenyewe. Walowezi wa mwanzo walipoikuta mandhari hiyo waliisifu kwamba inafanana na viwanja vya matajiri wa Kiingereza, wala hawakujiuliza mtunza bustani ni nani.

Mtaniambia ni maneno tu, mwandishi wa safari aachwe afurahishe wasomaji. Haya. Lakini Waingereza waliichukua nchi ile kana kwamba haina mwenyewe, na fikra hiyo ilikaa ndani ya sheria hadi 3 Juni 1992, mahakama ya juu kabisa ya Australia ilipoitupa katika kesi ya Eddie Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer. Mabo hakuisikia hukumu. Alikuwa amefariki Januari mwaka huohuo. Miaka zaidi ya 200 tangu meli za kwanza za walowezi zitie nanga, ndipo ikakubaliwa mahakamani kwamba kulikuwa na wenye nchi. Na mwandishi wetu, leo hii, anaandika "bara tupu" kwa sababu linapendeza masikioni.

Hata huo upweke una walakini. Mabaharia wa Makassar, katika Indonesia ya leo, walikuwa wakienda na pepo za msimu hadi pwani ya Arnhem Land kuvuna majongoo bahari ya kuuza China. Walifanya hivyo kwa vizazi, mpaka serikali ilipowazuia mwanzoni mwa karne ya 20. Wayolngu wa pwani ile hadi sasa humwita mzungu "balanda", neno lililotokana na "Hollander" na kufika kwao kupitia mabaharia hao.

Na kama bado mnaona mambo hayo ni ya mbali, mwaka 1944 askari mmoja aliyekuwa zamu katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, aliokota sarafu mchangani. Tano kati yake ni za shaba, zilifuliwa Kilwa. Zilifikaje huko, wataalamu wanabishana mpaka leo. Makala kama hiyo ningeisoma hadi nukta ya mwisho, tena ningewatumia rafiki zangu wote, lakini kwa Kiswahili bado tunaletewa kangaruu na machweo.