Mfupa wa Tanuri na Mfupa wa Nyonga

Wafinyanzi wa Kasulu na Kibondo wanajua kwamba moto ukiwa haba, chungu hurudi udongo kikitiwa maji. Mfupa wa bandia unaozibia pengo la mfupa uliovunjika nao huchomwa. Ni unga wa madini ya kalsiamu na fosfeti, yaleyale yaliyomo katika mifupa yetu, na tanuri lake hufika nyuzi 1,000 hadi 1,300 hivi. Ukichomwa kupita kiasi vitundu vyake huziba, damu isipenye, na mfupa mpya huota ndani yake kwa shida. Ukichomwa kidogo huwa dhaifu, tena huyeyuka mapema. Hata uliochomwa vizuri hauna uhai.

Kwa hiyo daktari akishauri kuchukua kipande cha mfupa katika nyonga ya mgonjwa mwenyewe, familia isikatae kwa kuogopa kidonda cha pili. Nyonga itauma majuma kadhaa, hatufichi. Lakini mfupa huo una chembe hai. Kuuza ng'ombe ili kununua wa tanuri, eti kwa sababu umetoka Ulaya, hatukubali, isipokuwa pengo likizidi kile ambacho nyonga inaweza kutoa. Kabla ya kutia sahihi, muulizeni daktari mfupa utatoka wapi, na kwa nini.