Maji ya Moto na Haki ya Mpangaji

Mwezi wa Juni na wa Julai katika nyanda za Njombe, Iringa na Mbeya hakuna aogaye maji baridi kwa hiari yake. Hatumlaumu mtu kwa hilo. Tunalolilalamikia ni jambo jingine. Katika nyumba nyingi za wapangaji mita ya LUKU ni moja, wenye hita ni mmoja au wawili, na mchango wa umeme hutozwa sawasawa kwa kila chumba. Hivyo mjane mwenye taa moja na redio humlipia jirani yake kuoga.

Na tupige hesabu. Hita ya bafuni yenye wati 5,000 ikifunguliwa dakika 10 hula zaidi ya robo tatu ya uniti. Kwa umeme huo taa ya wati 10 ingewaka saa 80. Watu sita wakioga hivyo kila siku, uniti zipatazo 150 huteketea kwa mwezi. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa majumbani alitozwa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi. Hita moja yatosha kuivusha mpaka huo nyumba nzima, hata wale wasioigusa.

Ndoo ya lita 20 ya maji vuguvugu yahitaji kama nusu uniti, na wengi wetu huoga kwa nusu ndoo. Aidha, jua halina LUKU. Dumu lililopakwa rangi nyeusi, likiwekwa juani mahali pasipo upepo tangu asubuhi, hupata joto la kutosha kuogea alasiri. Likifunikwa blanketi huchelewa kupoa. Siku za mawingu, sufuria juu ya makaa yanayobaki baada ya kupika husaidia. Kununua mkaa wa ziada kwa ajili ya kuoga hatukushauri: ni kuhamisha gharama tu, na misitu ndiyo ilipayo.

Mitambo ya jua ya kupashia maji ni ghali mwanzoni. Twaona yafaa kwanza mabweni, zahanati na nyumba za watawa, ambako tangi la umeme mara nyingi huachwa likiwaka usiku kucha likipoteza joto bure. Kabla ya mitambo hiyo, tangi na lizimwe, liwashwe saa moja tu kabla ya kuoga.

Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, waiteni mwenye nyumba na wapangaji wake. Vyombo vingine vikiwa vimezimwa, someni uniti zilizobaki kwenye mita kabla na baada ya mmoja kuoga, kisha mgawe mchango upya kwa hesabu hiyo. Mwenye nyumba akiweza kufunga mita ndogo kwa kila chumba, ni vema zaidi.