Siti imeganda, mtoto anaendelea kukua

Mtoto aliyeanza kidato cha kwanza Januari na baiskeli inayomtosha, mwaka ukiisha magoti yake yanakaribia usukani kila akikanyaga pedeli. Mzazi anatafuta spana, analegeza boliti ya siti, anavuta. Siti haipandi. Anaigonga kwa nyundo kutokea chini, haipandi. Basi mtoto anaambiwa, "Endesha hivyo hivyo, fundi tutamwona mwisho wa mwezi." Na mwisho wa mwezi una mambo yake, wazazi wenzangu mnayajua.

Mji wetu wa Songea una vilima. Mtoto anayetoka Mshangano au Ruhuwiko kwenda shule upande wa pili wa mji anapanda na kushuka kila siku, na siti ikiwa chini mno goti linakunjwa kupita kiasi kila anapokanyaga. Maumivu huja mbele ya goti. Jioni anasema magoti yanamuuma, nasi tunadhani anakwepa kuchota maji. Kabla ya kumwambia mvivu, mkalishe kwenye baiskeli, mtu mmoja aishike, aweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa uwe karibu kunyooka. Kama goti bado limepinda sana, siti iko chini. (Kwa mtoto anayejifunza tu ni tofauti: yeye miguu iguse ardhi kwanza.)

Kuna na kinyume chake. Baiskeli ya kaka imerithiwa na mdogo wake, siti imeganda juu, naye anapenyeza mguu ndani ya fremu na kukanyaga akiwa ameinama upande. Wengi tulijifunza hivyo kwenye Phoenix za wazee wetu, lakini barabara za wakati ule hazikuwa na bodaboda wengi hivi.

Linaloganda ni lile bomba linalobeba siti na kuzama ndani ya fremu. Mvua za Desemba hadi Aprili zikinyesha, gurudumu la nyuma linarusha maji moja kwa moja kwenye ule mkato ulio nyuma ya fremu, chini ya siti. Maji yanaingia na kukaa. Kama bomba ni la chuma, kutu inaota, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inabana kama kabari. Baiskeli nyingi za mtumba zina bomba la alumini ndani ya fremu ya chuma. Hizo mbili zikikutana na unyevu, alumini inaliwa na kutoa unga mweupe unaoshika kama saruji. Kujua una lipi, chukua sumaku ya spika mbovu: ikinasa ni chuma, isiponasa yaelekea ni alumini.

Sasa kazi yenyewe. Usilegeze boliti tu, itoe kabisa, kisha panua ule mkato kidogo kwa bisibisi bapa, taratibu. Mara nyingine tatizo lote lilikuwa hapo. Chora alama kwa msumari bomba linapoingilia, ili uone likisogea hata kidogo. Tia mafuta ya kulegeza kutu pale juu kuzunguka bomba. Ukikosa, dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi itasaidia, ila haina kasi. Rudia asubuhi na jioni kwa siku tatu au nne, ukigonga bomba kidogo kidogo kwa nyundo iliyozungushiwa kitambaa, mafuta yapate kupenya. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa, maana tunataka liishe Jumapili hiyohiyo.

Baada ya hapo, zungusha. Usivute juu. Kaa chini, bana fremu kwa miguu, shika siti mbele na nyuma, uipeleke kushoto na kulia. Ikikubali kuzunguka hata upana wa ukucha, umeshinda. Ongeza mafuta, endelea kuzungusha huku ukiinua. Kama bomba ni la alumini, lifungie mfuko wa barafu nusu saa kwanza, kwa sababu alumini husinyaa kwa baridi karibu mara mbili ya chuma.

Isipokubali, peleka kwa fundi mwenye jiliwa imara. Atatoa siti, ageuze baiskeli kichwa chini, abane bomba kwenye jiliwa, kisha azungushe fremu nzima kama mpini. Bomba litachubuka na huenda likatupwa, lakini fremu itapona. Mwambie mapema kwamba bomba umelisamehe, fremu hujaisamehe. Likikatika, hatua ya mwisho ni kulikata kwa ndani kwa msumeno wa chuma, kwa urefu, polepole hadi lilegee. Ni kazi ya saa nyingi, kwa hiyo ulizeni bei kabla hajaanza, mlinganishe na bei ya fremu nyingine ya mtumba.

Mambo mawili nayakataa nyumbani kwenye watoto. La kwanza ni moto. Umetia mafuta siku tatu, halafu unawasha gesi pale pale? Rangi inaungua, fremu ya alumini inapoteza nguvu, na mtoto amesimama pembeni anaangalia. La pili ni ile magadi kali ya kutengenezea sabuni, kostiki soda. Ni kweli inakula bomba la alumini. Inatoa pia gesi inayolipuka, inaunguza macho na ngozi, na kama fremu nayo ni alumini itaila vilevile.

Bomba likitoka, sugua kutu kwa msasa ndani na nje, paka grisi, rudisha. Grisi hiyo ndiyo dawa yenyewe, na kopo dogo linatosha miaka. Kama mnanunua bomba jipya, nendeni na la zamani dukani, maana unene hutofautiana kwa vipande vidogo mno vya milimita. Likilegea, fundi atataka kulizungushia kipande cha kopo la soda. Msikubali, linashuka njiani, na kopo lile ni alumini, mwakani mtakuwa mmerudi palepale.

Angalieni pia alama iliyochongwa karibu na mwisho wa bomba. Alama hiyo isionekane nje hata kama mtoto bado anataka siti ipande. Kama haipo, zibaki angalau sentimita 8 ndani ya fremu, zikizidi ni heri. Bomba lililovutwa kupita hapo linaweza kupasua fremu au kukatika mtoto akiwa juu ya siti, kwenye mteremko. Akishafika hapo, dawa ni bomba refu zaidi au baiskeli kubwa zaidi.

Shule zikifunguliwa Januari na Julai, siku ileile mnayopima sare na viatu, legezeni boliti, zungusheni siti mara moja, pakeni grisi, mpimeni kisigino. Dakika kumi. Mwachieni mtoto mwenyewe ashike spana.